Kabla hamjatuletea programu za sayansi darasa la awali, tuulizeni sisi walimu

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET).

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika nikiwa mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga. Sina cheo katika chama chochote wala sikutumwa na mtu. Ila yaliyomo humu si yangu peke yangu. Mengi yametoka kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya kata yetu, ambako walimu wa awali hukutana, na mada ya programu za vishikwambi ikishaanza huwa hatuimalizi mpaka wenye safari ndefu waanze kuaga.

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, kila kikao cha elimu nilichohudhuria hakikosi mtu wa kusema kwamba sayansi na teknolojia zianze mtoto akiwa mdogo. Sijamsikia mwalimu wa awali anayepinga hilo. Watoto wetu wanauliza maswali ya sayansi tangu wanavua viatu mlangoni: kwa nini konokono anaacha njia ya kung'aa, umande unatoka wapi wakati mvua haikunyesha. Kinachotutia wasiwasi ni njia ya mkato inayofuata. Mtu anakuja na programu yake, anaionyesha kwenye projekta ukumbini, rangi zinang'aa, muziki unalia, wakubwa wanapiga makofi, kisha baada ya muda mwalimu anaambiwa aitumie. Aliyeitengeneza hajawahi kukaa mkekani na watoto wa Muheza, na aliyeipigia makofi hana mpango wa kukaa.

Niwaelezeni jambo lililotokea darasani kwangu, maana naona linasema zaidi kuliko hoja.

Nilikuwa nimepakua programu moja ya bure yenye mchezo wa vitu vinavyoelea na vinavyozama. Mtoto anaivuta picha kwa kidole, anaidondosha kwenye beseni la maji, akipatia anapewa nyota. Jiwe linazama, nyota. Jani linaelea, nyota. Chungwa linaelea, nyota. Watoto waliufurahia, wakaumaliza haraka kuliko nilivyopanga, nikajikuta nina muda mkononi. Nikaagiza ndoo ya maji tufanye na vitu vyenyewe. Machungwa Muheza si kitu cha kuhangaikia. Msimu ukifika yanaoza kando ya barabara. Chungwa la kwanza likaelea kama programu ilivyosema. Halafu mtoto mmoja, ambaye nadhani alisukumwa na njaa zaidi ya udadisi, akachukua la pili akalimenya lote. Nilitegemea atalila. Akalitumbukiza ndooni, likazama moja kwa moja.

Mngeona mtafaruku. "Mwalimu, limezama!" "Limezama kwa sababu limevuliwa nguo!" "Hapana, limekuwa zito!" Hili la uzito likapata wafuasi wengi, kwa hiyo nikawauliza: likimenywa linaongezeka au linapungua? Wakapokezana, la ganda mkono huu, la kumenywa mkono ule, wakabishana, mwishoni wakakubaliana wenyewe kwamba lililomenywa haliwezi kuwa zito zaidi, maana limetolewa kitu. Sasa mbona limezama? Tukaliweka ganda peke yake, likaelea. Ganda la chungwa lina vijishimo vingi vyenye hewa, na hewa ndiyo inayolibeba, lakini sikuwaambia siku ile. Niliwaacha walale nalo. Kesho yake mmoja akaja na limau kutoka kwao, lenye ganda, na jingine lililomenywa, ameyafunga kwenye kanga ya mama yake.

Programu haikukosea. Chungwa linaelea, ni kweli. Ila ilikuwa imefunga mjadala pale ambapo sayansi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, ikampa mtoto nyota ili aende kwenye picha inayofuata. Haikuwa na mahali pa kumenyea chungwa.

Kwa hiyo msimamo wangu, na wa wengi tunaokutana pale kwenye jumuiya, ni huu: mtoto wa awali aguse kitu kwanza, kioo kije baadaye, na kije kwa kazi ambayo mkono na jicho lake haviwezi kuifanya. Kama ndoo ya maji inatosha, kishikwambi kikae kabatini. Kama jambo ni la polepole mno, dogo mno au la mbali mno, hapo kishikwambi kiletwe, na hapo ndipo tunapokihitaji hasa.

Mnajua programu ya sayansi iliyonifaa kuliko zote? Kamera. Ilikuja na kishikwambi chenyewe, haikuhitaji bando wala semina. Tuliotesha kunde kwenye pamba yenye maji ndani ya kikombe cha plastiki kinachoonyesha, kila asubuhi mtoto wa zamu akakipiga picha moja kutoka mahali palepale. Tulichora alama ya chaki sakafuni asimamie hapo. Kunde ilipotoa majani mawili nikawakusanya, nikazipitisha picha haraka kwa kidole, moja baada ya nyingine. Mbegu ikavimba, ikapasuka, mzizi ukachomoza ukashuka, shina likainuka limeinama kama mtu aliyebeba kuni, kisha likanyooka. "Mzizi umetangulia!" akapiga kelele mmoja wao. Umetangulia kweli, na hilo liko kwenye vitabu, lakini yeye hakusomewa. Mtoto wa miaka mitano hakumbuki mbegu ilikuwaje Jumatatu. Kifaa kinamkumbushia, na kumbukumbu ile ndiyo ushahidi wake. Kwa kamera hiyohiyo tumekuza mguu wa panzi mpaka miiba yake ikaonekana. Kwa kinasa sauti tumerekodi vyura wa masika, tukawasikiliza tena wakati wa kiangazi walipokuwa wamenyamaza. Sijaona programu ya kununuliwa inayofanya hayo vizuri zaidi.

Msidhani walimu wa awali tuna sauti moja katika hili. Kwenye jumuiya yetu yuko mama aliyebakiza muda mfupi kustaafu, ambaye hataki hata kusikia. Anasema: "Huyu mtoto hajawahi kushika mkasi, mnampa kioo cha kutelezesha kidole. Kidole kitajua kuteleza, penseli kitashindwa kuishika." Yuko mwalimu kijana, wa ajira za karibuni, anayemjibu kwamba watoto wanachezea simu za baba zao tangu hawajaanza shule, na shule isipowaonyesha kwamba simu inaweza kufundisha, watajua ni ya katuni tu. Na yuko dada anayefundisha shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama lililo karibu na watoto wanaokaa mbali, isiyo na umeme. Kuchaji analipia dukani, kwa fedha yake, na kwake mjadala wote huu ni wa watu wengine. Mimi nimesimama karibu zaidi na yule mama kuliko kijana anavyopenda, lakini kijana ana hoja: tukikaa kimya, simu ya nyumbani itafundisha peke yake.

Hofu ya yule mama ina msingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtasema watoto wa awali ni wa miaka mitano. Kwenye rejista, ndiyo. Darasani nina wa miaka minne walioletwa na dada zao kwa sababu mama yuko shambani, na siwezi kuwarudisha. Saa yao moja huenda imeshaisha nyumbani kabla sijawaona. Uswidi, nchi isiyopungukiwa umeme wala vifaa, serikali yake mwaka 2023 iliamua kurudi nyuma kwenye mpango wa kulazimisha vifaa vya kidijitali katika shule za awali. Mwaka huohuo ripoti ya UNESCO ya ufuatiliaji wa elimu duniani iliuliza teknolojia inaingia elimuni kwa masharti ya nani. Sisemi tuwaige Waswidi, ambao madarasa yao hayafanani na yetu. Swali la UNESCO, hata hivyo, ningependa mlijibu ninyi hadharani.

Sasa niseme kuhusu programu zenyewe, zile tunazozipata madukani kwenye mtandao, kwa sababu nina hakika wanaotuletea ripoti nzuri hawajazitumia na watoto.

Kwanza lugha. Darasa la awali katika shule za serikali tunafundisha kwa Kiswahili, lakini programu nyingi za sayansi za umri huu zinaongea Kiingereza, tena cha haraka. Nazizima sauti, natafsiri mwenyewe juu ya picha, na mwisho wa kipindi nimekuwa spika. Hata zikitafsiriwa, picha zinabaki za huko zilikotoka. Kuna moja inayofundisha majira ya mwaka kwa mti unaopukutisha majani yote, halafu theluji, halafu mtu wa theluji mwenye pua ya karoti. Mtoto wangu anajua masika, anajua vuli, anajua kwamba kipupwe mama anamvalisha sweta asubuhi. Huyo mtu mwenye pua ya karoti wamemchukulia kuwa jini, na kwa wiki nzima nilikuwa na kazi ya kuwatuliza.

Halafu matangazo. Programu ya bure inajilipa kwa matangazo, na matangazo hayachagui. Watoto wakiwa wanahesabu miguu ya buibui, kioo kikafunikwa na tangazo la kubeti, mtu anarusha noti hewani, na kitufe cha kufunga ni kidogo kuliko kidole cha mtoto. Mmoja akabonyeza. Nyingine inadai jina la mtoto, umri na picha kabla haijafunguka. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tunayo Tume yake, lakini mwalimu wa kijijini hajui kama akiandika jina la mtoto pale anavunja sheria au la. Mimi huandika "Chungwa Moja", "Chungwa Mbili". Labda nimepatia, labda sivyo.

Na lipo la idadi. Uwiano unaotakiwa katika darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Waraka Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada, watoto wa awali nchini walipanda kutoka kama milioni moja hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Ni jambo la kheri; watoto hao wangekuwa nyumbani. Lakini walimu na vyumba havikupanda kwa kasi hiyo, na kwangu nina zaidi ya mara mbili ya uwiano huo na kishikwambi kimoja. Programu nyingi zimetengenezwa zikidhani mtoto mmoja ana kioo kimoja. Ukiwapa watoto wangu kimoja, wanne wa mbele wanaona, wengine wanaona visogo. Hao wa nyuma ndio wanaoanza kupigana. Tunachohitaji ni programu inayompa mwalimu swali la kuuliza darasa zima na kazi ya kufanya nje, kisha watoto warudi na walichokiokota. Hiyo inawezekana kwa kioo kimoja.

Tena hatuanzi kutoka sifuri. Mkoa wetu wa Tanga una historia katika hili ambayo naona imesahaulika. Shindano la XPRIZE la kujifunza, lililofadhiliwa na Elon Musk, lilifanyiwa majaribio hapa katika vijiji 170, Serikali yetu ikishirikiana na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vishikwambi vya Google, vya kuchaji kwa sola, vikawekewa programu tano zilizofika fainali, zote kwa Kiswahili, zote zinafanya kazi bila intaneti. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni. Baada ya miezi 15, kwa mujibu wa waandaaji, hesabu hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Watoto wale walikuwa wakubwa kuliko wangu, na kazi ilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu, siyo sayansi. Lakini sharti la shindano lilikuwa kwamba misimbo ya programu hizo iachwe wazi, mtu yeyote aichukue na kuiendeleza.

Waheshimiwa, hilo lina maana kubwa. Mtu akija kwenu kuuza programu ya mamilioni akidai haiwezekani kutengeneza kitu cha Kiswahili kisichohitaji intaneti, mjibuni kwamba iliwezekana Tanga. Tuna vijana wanaohitimu kompyuta vyuoni kila mwaka, tuna TET yenye wataalamu wa mitaala, tuna walimu wanaojua mtoto anakwama wapi. Wakalishwe meza moja. Waanze na mambo machache ya hapa: mbegu, maji, vivuli, wadudu, mashine za kawaida kama baiskeli na kinu. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya TET vimetusaidia na nashukuru, ila kitabu kilichohamishiwa kwenye kioo ni kitabu, tusikiite programu ya sayansi.

Kitabu cha ziada hakiingii darasani bila ithibati. Programu inaingia kwa mwalimu kuipakua tu, kama nilivyofanya mimi. Naomba utaratibu wa vitabu uwaguse na hawa wa programu: TET izipitie, itoe orodha fupi ya zinazofaa awali, zisizo na matangazo, zisizodai jina wala picha ya mtoto, na orodha hiyo itufikie hata kwa kubandikwa ofisi ya Afisa Elimu Kata. Katika kuzipitia wawemo walimu wa awali walio darasani sasa hivi, na angalau mmoja wao atoke shule shikizi. Yule dada asiye na umeme ataona kasoro ambazo mtu wa Dodoma hataziona.

Kwenye MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, nako, tukifundishwa TEHAMA, mara nyingi tunafundishwa kuwasha, kuzima, kuingiza nywila, kutuma taarifa. Tunataka kufundishwa kuuliza. Mwalimu akijua kuuliza "unadhani kitatokea nini?" kabla ya kudondosha chungwa, hata programu mbovu ataitumia vizuri. Asiyejua, mpe programu bora duniani, watoto watakusanya nyota tu.

Nimeliweka mwisho kwa makusudi lile linalotuuma zaidi, kwa sababu halihusu ualimu wala sayansi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na tulishukuru. Tulivipokea kwa kusaini. Ni mali ya serikali, na mwalimu wa awali anajua vizuri kinachotokea kitu kikipita mikononi mwa watoto wadogo karibu na ndoo ya maji. Kwa hiyo katika shule nyingi za jirani kishikwambi kinatumika kwa taarifa za mwalimu, kisha kinafungiwa kabatini. Wenzangu wananiambia waziwazi: "Kikipasuka, nitakatwa mshahara?" Sina jibu la kuwapa. Mimi nakitoa kwa sababu ni mkaidi, na kila nikikitoa moyo unadunda.

Semina haitamaliza hofu hiyo, wala programu mpya. Itaondolewa na waraka wa ukurasa mmoja, wenye sahihi, unaosema kishikwambi kilichoharibika darasani kikiwa kwenye kazi ya kujifunza, na Mwalimu Mkuu akathibitisha, ni hasara ya kazi, mwalimu hatakatwa. Na unaoeleza kipelekwe wapi kutengenezwa na fungu lipi lilipe. Hamhitaji mfadhili kwa hilo. Ukitufikia kabla ya muhula wa Januari, vishikwambi vitakavyotoka kabatini vitakuwa vingi kuliko ambavyo zabuni yoyote inaweza kununua mwaka huo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la awali,
Muheza, Tanga